Uzi maalum kwa wanaouguza mgonjwa wa stroke: kwa nini anazungusha mguu na mwendo unarudishwaje

Fizio wa Kaskazini:

Habari za muda huu wakuu. Kila nikichangia kwenye nyuzi za presha naletewa swali lile lile inbox, "mzee wetu alipata stroke, ameshaanza kutembea ila mguu anauburuza, tumpe dawa gani". Hakuna dawa ya kumeza ya kurudisha mwendo. Presha na sukari zina dawa zake na asiziache hata siku moja, ila mwendo unarudi kwa mazoezi, na mazoezi yenyewe wengi mnaanzia mwisho. Mnaanza na kumtembeza. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, hii ndo kazi inayonilisha, naandika kwa kirefu kwa hiyo mwenye haraka apite.

Tuanze na mtu asiye na tatizo anatembeaje. Kila mguu una kipindi upo chini umebeba mwili na kipindi upo hewani unaenda mbele. Watu wanadhani kutembea ni kule kupeleka mguu mbele, kumbe kwa mwendo wa kawaida mguu unakaa chini kama asilimia 60 ya muda wote na hewani ni asilimia 40 tu. Kisigino kinatangulia kugusa, unyayo unashuka taratibu maana kuna msuli hapa mbele ya muundi unaushikilia usidondoke pwaa, mwili unapita juu ya mguu, alafu kisigino kinanyanyuka na shavu la mguu linasukuma ardhi. Huo msukumo wa shavu la mguu ndo nguvu kubwa ya kukupeleka mbele. Ukishasukuma goti linajikunja karibu nyuzi 60 na vidole vinapita juu ya sakafu kwa nafasi ndogo mno, sentimita moja au mbili hivi, ndo maana hata wewe mzima ukichoka unajikwaa kwenye kapeti. Na muda wote mguu mmoja ukiwa hewani, misuli ya pembeni ya nyonga ya ule uliobaki chini inashika kiuno kisishuke upande wa pili.

Sasa stroke inaharibu wapi. Ubongo wa kushoto unaendesha mwili wa kulia, na wa kulia unaendesha kushoto, mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka upande mmoja basi amri haziendi upande wa pili wa mwili. Mguu haujafa wakuu. Misuli ipo, mifupa ipo, kinachokosekana ni amri. Mwanzoni mguu unalegea kabisa, baadae, wiki au miezi, kwa wengi unaanza kukaza, na unakaza kwa mtindo wake: goti linanyooka, kisigino kinavutwa juu, unyayo unageukia ndani. Mkono nao unakunjika kuja kifuani.

Mguu ambao goti limenyooka na vidole vinaangalia chini umeshakuwa mrefu kuliko mwenzake. Utaupitishaje mbele bila kujikwaa? Ama upandishe kiuno ama uuzungushie nje. Kwa hiyo kule kuzungusha mguu ambako ndugu wanakasirika nako, "baba nyoosha mguu bwana tembea vizuri", mzee hafanyi makusudi wala sio uvivu, ndo njia aliyobakiwa nayo ya kutokuanguka.

Hapa sasa ndo sababu ya uzi. Mguu unaozungushwa unavuta macho ya kila mtu. Mimi mgonjwa akiingia naangalia mguu MZIMA. Angalieni hatua ya mguu mzima. Wengi unarushwa harakaharaka na unatua sambamba na mguu mgonjwa, haupiti mbele yake. Kwa nini? Ili mguu mzima upige hatua ndefu lazima mguu mgonjwa ubaki umebeba mwili peke yake, na mwenyewe hauamini. Anaukwepa. Na mwili usipopita juu ya mguu mgonjwa, nyonga haifunguki kwa nyuma, shavu la mguu halina cha kusukuma, goti halijikunji, basi utazungushwa tu hata umpigie kelele mpaka jioni. Yaani kasoro mnayoiona mguu ukiwa hewani chanzo chake mara nyingi kilitokea ukiwa chini.

Kuna kipimo cha bure. Kaa naye kwenye baraza la saruji kavu, mlowanishe nyayo zote mbili kwa kitambaa chenye maji, apite hatua chache huku mtu mwenye nguvu kamshika mkanda wa suruali kwa nyuma. Alafu msome zile nyayo kabla hazijakauka. Mguu mzima utaacha kisigino, ukingo wa nje na vidole. Mguu mgonjwa mara nyingi kisigino hakipo kabisa, kuna doa tu la mbele upande wa kidole kidogo, na pengine mchirizi pale vidole vilipoburuzwa. Pimeni na umbali. Toka unyayo mgonjwa kwenda unyayo mzima ni vidole vinne, toka mzima kwenda mgonjwa ni shubiri mbili, hapo hauhitaji X-ray kujua hauamini mguu wake. Au chukua kandambili zake mgeuze chini, ya upande mgonjwa itakuwa imelika mbele kwa nje na kisigino kipya kabisa.

Mazoezi sasa. La kwanza ni kusimama kutoka kwenye kiti, na mkiniambia nibaki na moja tu nitabaki na hili. Kiti kigumu kimeegemea ukuta, nyayo zote chini, mguu mgonjwa urudi nyuma kidogo kuliko mzima. Ainame mbele mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu, asimame bila kuvuta meza wala shati lako. Mguu mgonjwa ukiwa nyuma unalazimika kubeba, mkiuacha mbele atasimamia mguu mmoja na mtadhani anaendelea vizuri. Kukaa nako ni zoezi, ashuke polepole, asijibwage. Kiti kikiwa kirefu ni rahisi, kwa hiyo anzeni na kiti kilichowekewa mto mgumu, akizoea mnapunguza.

Akimudu hilo asimame mbele ya meza nzito au sinki la jikoni, mikono juu, ahamishie uzito upande mgonjwa, goti lisikunjike ghafla wala lisirudi nyuma. Baadae mguu mzima unapiga hatua mbele unarudi, mbele unarudi. Baadae mguu mzima unagusa juu ya tofali na kushuka. Nimesema mguu mzima, sijakosea kuandika. Ule ukiwa juu ya tofali nani kabeba? Huyo huyo mgonjwa, na ndo tunayemtaka afanye kazi. Mara kumi, apumzike, tena kumi, asubuhi na jioni, na mchana kama hajachoka.

La shavu la mguu kukaza, kila siku anyooshwe kisigino. Asimame mikono ukutani, mguu mgonjwa nyuma, kisigino chini kabisa, atulie hapo. Wa kitandani unamshika kisigino na kiganja chako, unyayo unalala kwenye mkono wako wa ndani, unausukuma kuelekea gotini taratibu. Ukiurusharusha unauchochea kukaza zaidi.

Alafu ndo kutembea. Kutembea hakufundishwi kitandani, ubongo unajifunza kile unachorudiarudia, kwa hiyo atembee, ila atembee hatua chache zilizonyooka mara nyingi kwa siku kuliko kuzunguka mtaa mzima anajiburuza.

Niishie hapa, maswali yaje.

Mtoto wa Chumbageni:

Mkuu asante sana kwa uzi, nimekaa siti ya mbele kabisa. Sisi bi mkubwa alipata mwezi wa tatu, upande wa kushoto, hospitali moja ya wilaya wakaturuhusu na fimbo tu hakuna aliyetuelekeza kitu. Fimbo anashika mkono wa kushoto huo huo ulioumwa kwa sababu mjomba alisema ndo upande unaohitaji msaada, sasa mkono wenyewe haushiki vizuri tunamfunga na kitambaa. Hii ni sawa?

Fizio wa Kaskazini:

Pole kwa kuuguza ndugu. Fimbo ihamie mkono wa kulia, ule mzima. Msingi wa fimbo ni kupanua eneo la kusimamia na kuisaidia ile misuli ya pembeni ya nyonga, inafanya kazi hiyo ikiwa mkono wa upande wa pili. Mpangilio ni fimbo, mguu mgonjwa, mguu mzima. Urefu wake, asimame wima mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike usawa wa kifundo cha mkono. Ngazi: kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza mgonjwa. Na mfungueni hicho kitambaa leo, akianguka na fimbo imefungwa mkononi mtapata kesi ya kuvunjika juu ya stroke.

Pia mwambieni mjomba na wengine wote wasimvute bi mkubwa kwa mkono wa kushoto wakati wa kumnyanyua. Bega la upande uliopooza misuli imelegea, mfupa unashuka kutoka kwenye tundu lake, mkimvuta mnaongeza, na bega likishaanza kuuma hata mazoezi ya mguu atayakataa. Shika kiunoni, au vaeni mkanda mpana mshike huo.

Mtoto wa Chumbageni:

Aisee. Tumekuwa tukimvuta kwapani kila asubuhi. Asante mkuu.

Kipara wa Kinondoni:

Mie nitakuwa tofauti kidogo msinirushie mawe. Mjomba wangu alidondoka bafuni usiku, hospitali wakasema stroke, ila wazee wakajua ule ni upepo. Akapelekwa kwa mzee mmoja njia ya Bagamoyo akachuliwa na mafuta ya nyonyo na kukandwa maji ya moto, ndani ya miezi miwili katembea mwenyewe. Fizio hakwenda hata siku moja. Mnasemaje hapo.

Fizio wa Kaskazini:

Nafurahi mjomba katembea. Ila sikiliza hili mkuu. Kule Copenhagen walifuatilia wagonjwa wengi wa stroke miaka ya 90, wakakuta kwa asilimia 95 yao kiwango cha juu cha kutembea walichokuja kukipata kilikuwa kimeshafikiwa ndani ya wiki 11 za mwanzo. Yaani hizo wiki ubongo wenyewe unajikarabati, na yeyote aliyepo karibu na mgonjwa wakati huo anaondoka na sifa, awe mganga, mchungaji au mimi. Kwa hiyo hata mgonjwa wangu akitembea ndani ya miezi miwili huwa sijipigi kifua. Swali langu ni anatembeaje na ataanguka lini.

Kuhusu upepo na majini, kuna utafiti ulifanyika hapa kwetu kati ya 2003 na 2006, wilaya ya Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri walipata wagonjwa wapya kama 109 kwa kila watu laki moja kwa mwaka kule Hai, na Dar 316. Sidhani kama majini ndo yamehamia Dar, presha isiyotibiwa hiyo.

Kuchua kwenyewe sina ugomvi nako, ngozi inapata faraja na mgonjwa anajisikia kujaliwa, ila hakuufundishi mguu kubeba mwili. Nina ugomvi na vitu viwili. Maji ya moto: upande uliopooza mara nyingi hausikii joto vizuri, nimeshaona malengelenge ya kutisha. Na kuchua shavu la mguu lililovimba, linauma na lina joto, hilo usiliguse, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, ukiichua inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kipara wa Kinondoni:

Hapo kwenye sifa umenichekesha. Mjomba kweli anatembea ila anafagia na mguu huo huo ulioueleza, nilikuwa sijasema.

Nyali Boy:

Hamjambo nyote, mimi niko Mombasa. Babangu alipata stroke ya upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto ndio hauna nguvu. Shida yetu ni kwamba akisimamishwa anajisukuma kuelekea huo huo upande wa kushoto ulio mbovu, na ukijaribu kumrudisha katikati anapigana nawe kabisa kama unayemwangusha. Mamangu anadhani amekuwa mkaidi. Na hata chakula cha upande wa kushoto wa sahani anakibakisha. Kwani hii ni nini?

Fizio wa Kaskazini:

Mwambie mama sio ukaidi hata kidogo. Baadhi ya wagonjwa, hasa wa ubongo wa kulia, ubongo unapoteza kujua wima ni wapi. Yeye akiwa ameinama kushoto anajihisi kanyooka, wewe ukimnyoosha anahisi unamdondosha kulia, lazima apigane. Kwa hiyo msimsukume. Mpeni kitu cha kuona, kioo kikubwa, au akae mbele ya fremu ya mlango aulinganishe mwili wake na ule mstari wa mlango. Mtu akae upande wake wa kulia, ule mzima, amwambie "baba njoo uniguse na bega". Anaenda mwenyewe bila kusukumwa. Hii hali kwa wengi inaisha, inachukua wiki hadi miezi, ila inachelewesha kutembea kwa hiyo msimlinganishe na mgonjwa wa jirani.

Chakula anachobakisha ni jambo lingine linaloambatana, ubongo unausahau upande wa kushoto wa dunia. Macho yanaona ila hauzingatii. Huyu atagonga mlango na bega la kushoto, ataacha mguu wa kushoto nyuma ya meza. Kabla ya kupiga hatua mfundisheni ageuze kichwa aangalie kushoto mpaka aone kitu fulani, funga hata kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto. Mkiongea naye anzeni upande wa kulia akiwa bado mchanga wa ugonjwa, alafu mhamie kushoto pole pole.

Nyali Boy:

Shukran sana daktari. Hiyo ya mlango nitaifanya leo jioni.

Fizio wa Kaskazini:

Mimi sio daktari ndugu, fizio tu.

Mama Kijacho:

Naomba kuuliza nyie wataalamu, mnatuambia mapema mapema, mbona baba mkwe wodini walikataa asishuke kitandani siku ya kwanza? Mume wangu aligombana na nesi pale.

Fizio wa Kaskazini:

Nesi alikuwa sahihi dada. Zamani hata sisi tuliamini kadri unavyomtoa mapema na kwa wingi ndo bora. Ukaja utafiti mkubwa unaitwa AVERT, majibu yalitoka 2015, wagonjwa 2104 kwenye hospitali 56 za nchi tano. Kundi moja walianza kutolewa kitandani ndani ya saa 24, mara nyingi na kwa muda mrefu, kundi lingine huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu waliofanya vizuri kundi la haraka walikuwa asilimia 46, la kawaida 50. Kwa hiyo saa 24 za kwanza hatukimbizani. Baada ya hapo daktari akiridhika na hali yake, akae pembeni ya kitanda, asimame, vipindi vifupi vifupi mara kadhaa kwa siku. Ila ukiona wiki imeisha mgonjwa ametulia na bado amelala tu chali, hapo ndo mume wako agombane.

Msambaa Original:

Mkuu kuna sehemu wana ile mashine, mgonjwa anafungwa mikanda ananing'inizwa juu ya tredimili anatembezwa. Kaka yangu yuko nje ya nchi anataka tumpeleke mama huko, ni pesa ndefu. Inafaa?

Fizio wa Kaskazini:

Swali la pesa nalipenda. Marekani walifanya utafiti unaitwa LEAPS, ukachapishwa 2011. Wagonjwa 408. Kundi moja tredimili na mikanda kuanzia miezi miwili baada ya stroke, kundi la pili tredimili hiyo hiyo kuanzia miezi sita, kundi la tatu fizio anawafuata nyumbani wanafanya mazoezi ya nguvu na balansi bila mashine yoyote ya ajabu. Baada ya mwaka asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na makundi hayakutofautiana. Waliokuwa na hali mbaya zaidi waliowahi tredimili ndo walianguka zaidi. Sio kwamba mashine ni mbaya, inasaidia kurudia hatua nyingi bila fizio kuvunjika mgongo. Ila mama akiwa na mtu wa kumsimamia nyumbani kila siku, hiyo nauli ya ndege mlipeni fizio aje nyumbani mara mbili tatu kwa wiki na msichana wa kazi afundishwe yaliyobaki. Ndo maoni yangu, kaka anaweza kununa.

Mbeya City Zamani:

Mzee wangu ana mwaka wa pili sasa. Huu uzi umenikatisha tamaa pale uliposema wiki 11. Ndo basi tena?

Fizio wa Kaskazini:

Hapana mkuu, soma tena huo LEAPS, kundi lililoanza miezi sita liliishia sawa na wenzao. Wiki 11 ni za kule kujua kama atatembea au hatatembea bila kushikwa. Kasi, pumzi, umbali na kujiamini vinaongezeka hata baada ya miaka, mradi afanye na kazi iongezwe ugumu. Tatizo la mwaka wa pili mara nyingi ni mwili kukaa sana, mguu mzima nao umekuwa dhaifu, kisigino kimevutwa mpaka hakishuki tena. Pima hivi: weka alama mita 10 kwenye njia iliyonyooka, akiwa na nafasi kidogo ya kuanza kabla na kumalizia mbele, shika saa ya simu, mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 25 yuko chini ya mita 0.4 kwa sekunde, huyo kiujumla ni wa kutembea ndani ya nyumba. Kati ya sekunde 25 na 12.5, nje anaweza lakini kwa mipaka. Chini ya 12.5 anaweza kwenda dukani na kuvuka barabara ndogo. Andika tarehe, rudia kila mwezi. Ukipima hutadanganywa na siku mbaya.

Na choo kikoje? Kama ni cha kuchuchumaa mtengenezeeni kiti cha mbao chenye tundu, na chuma au mti wa kushika ukutani upande wa mkono mzima. Wazee wengi wa stroke huangukia njia ya chooni usiku, taa hakuna, kapeti limekunjamana, kandambili inavuka mguuni.

Mbeya City Zamani:

Ametumia sekunde 31 leo. Goti lake ndo linarudi nyuma kila akikanyaga, linafanya "kat". Hiyo nayo ni mazoezi tu?

Fizio wa Kaskazini:

Hilo la goti tumwachie mtu wa karakana, namuona yupo online.

fundi_plastiki:

Nipo mkuu. Mimi ni mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, nilisoma pale TATCOT KCMC Moshi, chuo kipo toka 1981 na kinafundisha watu wa nchi nyingi za Afrika.

Goti kurudi nyuma kuna njia kadhaa. Kama shavu la mguu limekaza, kisigino kinagoma kushuka, basi muundi unasukumwa nyuma na goti linafuata. Au misuli ya paja la mbele ni dhaifu, mgonjwa analifunga goti kwa makusudi lisimwangushe. Mkiliacha miaka, kano za nyuma ya goti zinavutika na maumivu yanaanza. Sisi tunatengeneza AFO, ile plastiki inayoshika kutoka chini ya unyayo, nyuma ya kisigino mpaka chini ya goti. Inazuia vidole kudondoka wakati mguu uko hewani, na tukiiseti pembe vizuri inausukuma muundi mbele kidogo ukiwa chini ili goti lisirudi. Kama kisigino hakishuki kabisa tunaweka kabari chini yake, usilazimishe plastiki kwenye mguu uliokaza, utatoka kidonda na mgonjwa mwenyewe hasikii.

Ambayo mnauziwa mtandaoni za saizi moja zinainua vidole tu, kwa mtu ambaye mguu umelegea bila kukaza zinasaidia. Kwa huyu wa goti sidhani.

Bibi Afya:

Nilisikia AFO inafanya mguu uwe mvivu, kweli?

fundi_plastiki:

Hili swali sijui nani alilisambaza. Mtu asiyejikwaa anatembea zaidi, anayetembea zaidi anapata mazoezi zaidi. Saa za mazoezi fizio anaweza kuivua, saa za kwenda msikitini au kanisani aivae.

Fizio wa Kaskazini:

Nakubaliana na fundi. Niongeze kwa wale mguu uliokaza sana: zipo dawa kama baclofen, na ipo sindano ya botulinum inayolegeza msuli mahususi kwa miezi kama mitatu, hizo ni za daktari aliyemuona mgonjwa, msinunue baclofen dukani kwa kusoma uzi. Kuna wagonjwa kule kukaza ndo kunakowasimamisha, ukilegeza kila kitu anakaa chini kabisa. Na kwenye hizo mita 10 mchezesheni mzee muziki anaoupenda wenye mdundo wa kuhesabika, hatua zikifuata mdundo huwa zinasawazika, miguu miwili inaanza kupewa muda unaokaribiana. Mzee wa Mbeya atakuwa na ladha zake za zamani, msimwekee singeli.

Mbeya City Zamani:

Hahaha singeli atatutimua. Fundi nimeelewa, tutamleta. Tuje na nini?

fundi_plastiki:

Njooni asubuhi, plasta ya kupimia ichukue umbo, kuivaa ni siku nyingine. Avae kaptula au suruali inayopanda juu ya goti. Na mje na kiatu atakachokuwa anavaa kila siku, cha kamba au cha mkanda, kinachofunguka sana mbele, upande huo kiwe namba moja zaidi maana plastiki inakula nafasi. Kandambili na yeboyebo haziendi na AFO. Akianza kuivaa ni saa moja, mnavua, mnaangalia ngozi. Wekundu ukikaa zaidi ya nusu saa bila kuondoka mrudisheni, tunaipasha moto tunaipanua pale pale.

Mbeya City Zamani:

Poa mkuu. Kiatu chake cha kamba kipo, ntamtafutia soli isiyoteleza.